Kocha wetu haruki wala hapigi kelele, na timu inaendelea kufungwa

Klabu ninayoishabikia imekwama katika nusu ya chini ya msimamo wa ligi, na kadiri vipigo vinavyoongezeka ndivyo mjadala wa mashabiki unavyozidi kuhama kutoka uwanjani na kwenda pembeni ya uwanja. Tunafungwa kwa krosi ileile iliyotufunga wiki iliyopita, na papo hapo macho ya wengi yanamwacha beki aliyezembea na kuligeukia benchi la ufundi ili kuona kocha anafanya nini. Kwa kawaida hafanyi kitu kinachoonekana. Ameketi, amekunja mikono, anamwinamia msaidizi wake na kumwambia maneno machache, kisha anaandika jambo kwenye daftari. Picha hiyo huoneshwa kwenye runinga baada ya karibu kila bao tunalofungwa, na nina hakika imemharibia kwa mashabiki kuliko msimamo wa ligi wenyewe.

Tumegawanyika makundi mawili. Wanaomtetea husema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba mtu anayefikiri hawezi kufikiri huku akirukaruka. Wanaompinga hujibu kwamba mshindo huo umechelewa mno, na kwamba timu isiyo na moyo haiwezi kupewa moyo na mtu aliyeketi kama mgeni mwalikwa. Rafiki yangu mmoja, ambaye hasira yake naiheshimu kwa sababu inatokana na mapenzi, alinieleza hoja ya kundi la pili vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia kwa mwingine: "Ndugu yangu, mtu anayeumwa jino hushika shavu. Huyu mwenzetu sijamwona akishika shavu, sasa nitajuaje kwamba anaumwa?"

Nimeitafakari sana kauli hiyo, kwa sababu haidai hata kidogo kwamba kelele za kocha zingemzuia winga wa wapinzani. Inadai kitu kingine kabisa, nacho ni kwamba shabiki anataka kujua kama maumivu yake yana mwenza. Hapo ndipo ninaposimama katika mjadala huu. Kwa maoni yangu, vitendo vya kocha pembeni ya uwanja ni mazungumzo kati yake na jukwaa kwa sehemu kubwa, na ni maagizo kwa wachezaji kwa sehemu ndogo sana. Tukilielewa hilo, tutaacha kuidai mikono yake kazi ambayo hufanyika kwenye uwanja wa mazoezi katikati ya wiki, na wakati huohuo hatutamdharau shabiki anayetaka kuona dalili ya maumivu, kwa sababu anachokitaka ni haki yake.

Fikiria ukubwa wa uwanja wenyewe. Viwanja vingi vya mashindano makubwa vina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Eneo la ufundi, ambalo liliingizwa rasmi katika sheria za mchezo mwaka 1993, huenea mita 1 kila upande wa viti vya benchi na huishia mita 1 kabla ya mstari wa pembeni, na sheria inamruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja kutoa maelekezo ya kiufundi kutoka humo. Ukipima kutoka hapo hadi kibendera cha kona ya upande wa mbali, utapata zaidi ya mita 80. Weka katikati yake maelfu ya watu wanaoimba na kuzomea, kisha ujiulize ni neno gani litakalomfikia beki wa kulia anayecheza upande ule, tena akiwa amempa kocha mgongo kwa sababu mpira uko mbele yake.

Mwaka 2020, ligi nyingi ziliporejea na majukwaa yakiwa matupu kwa sababu ya janga la korona, tulipata nafasi adimu ya kusikia kinachosemwa pembeni. Nilisikiliza kwa makini mno. Nilichokisikia kwa sehemu kubwa ni majina ya wachezaji, maneno mafupi ya kuwataka wapande au warudi, pongezi kwa pasi nzuri, na malalamiko kwa mwamuzi wa akiba. Agizo refu, lile linalobadilisha mfumo wa timu, halikupigiwa kelele. Lilisubiri mchezaji aumie, au mpira utoke, na hapo ndipo kiungo mmoja alipoitwa pembeni, akaelekezwa kwa utulivu akinywa maji, kisha akarudi kuwaeleza wenzake. Ndiyo maana siku hizi tunaona kipa akikaa chini na kuomba matibabu pale tu timu yake inapozidiwa, huku wachezaji kumi wote wakikimbilia benchi kusikiliza. Ni mbinu inayoniudhi kama mtazamaji, lakini inaonesha kwamba makocha wenyewe wanajua sauti zao hazifiki mbali.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wengi hulisahau wanapomlaumu kocha kwa kuketi. Benchi liko chini, karibu usawa wa nyasi, na kutoka pale ni vigumu sana kuona umbali uliopo kati ya mstari wa mabeki na mstari wa viungo. Anayeuona vizuri ni mchambuzi aliyeketi juu jukwaani. Tangu mwaka 2018 sheria za mchezo zinaruhusu benchi kutumia vifaa vidogo vya kielektroniki kwa ajili ya maelekezo ya kiufundi, kwa hiyo kocha anayeinama kwa sekunde ishirini huenda anatazama picha ya tukio lililotufunga, na wala hajakata tamaa. Kuinama huko kuna thamani kuliko kuruka, mradi kitu fulani kifuate baadaye. Nitarudi kwenye hicho kinachofuata, kwa sababu ndicho kinachonisumbua kuhusu kocha wetu.

Historia haimpi ushindi wa moja kwa moja mtu wa upande wowote. Valeriy Lobanovskyi aliketi kwenye benchi la Dynamo Kyiv akiyumba mbele na nyuma, uso wake hausemi chochote, na timu yake ikatwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1975 na tena mwaka 1986. Carlo Ancelotti, ambaye hasira yake huonekana kwenye nyusi tu, ametwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mara 5 akiwa kocha. Diego Simeone naye, anayetembea, kupiga mayowe na kuwapungia mashabiki mikono waimbe zaidi, aliipa Atlético Madrid ubingwa wa Hispania mwaka 2014 na mwaka 2021 mbele ya klabu mbili zenye fedha nyingi kuliko yake. Mtu akitaka mfano wa kuthibitisha anachokiamini, hatakosa.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa mtu mmoja ambaye hakubadilika huku matokeo yakibadilika. Jürgen Klopp aliipa Borussia Dortmund ubingwa wa Ujerumani mwaka 2011 na mwaka 2012, na dunia nzima ikapenda namna alivyokimbia pembeni, alivyokunja ngumi na alivyomkaripia mwamuzi wa akiba kwa karibu kiasi cha kutisha. Kisha ukaja msimu wa 2014/15. Ngumi zilikuwa zilezile, mayowe yalikuwa yaleyale, na mwanzoni mwa Februari 2015 Dortmund ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye msimamo wa Bundesliga. Baada ya kufungwa 1-0 nyumbani na Augsburg, kipa Roman Weidenfeller na beki Mats Hummels walikwenda hadi kwenye jukwaa la mashabiki wenye hasira na kuzungumza nao ana kwa ana. Klabu haikumfukuza Klopp. Timu ilipanda na kumaliza msimu katika nafasi ya 7, naye akaondoka kwa heshima mwishoni.

Kuna mambo mawili ninayoyaona katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba kama juhudi za pembeni zingekuwa ndizo zinazoshinda mechi, Dortmund isingeshika mkia hata wiki moja. La pili, ambalo ni zito zaidi kwangu, ni kile kitendo cha wachezaji wawili kuwafuata watu wao. Mashabiki wa Dortmund walikuwa na kocha aliyeonesha maumivu kila dakika, na bado walihitaji mtu aje azungumze nao. Kwa hiyo hata kushika shavu hakutoshi timu inapozama, na kuna dakika ambapo shabiki huhitaji maelezo, hata kama maelezo hayo hayafurahishi.

Upande wa pili yupo Louis van Gaal, ambaye mjadala kuhusu kuketi kwake Manchester United ulifanana sana na huu wetu. Mtu aliyewahi kutwaa Ligi ya Mabingwa akiwa na Ajax mwaka 1995 alifika Old Trafford, uwanja wa United, mwaka 2014 na daftari lake, akaketi, akaandika, na timu ikapiga pasi nyingi za pembeni ambazo ziliwachosha watazamaji. Mashabiki waliozoea kumwona Alex Ferguson, kocha wao wa miaka mingi, akisimama na kuinyooshea kidole saa yake walilitafsiri daftari kuwa dharau. Kisha tarehe 28 Februari 2016, katika mechi dhidi ya Arsenal, Van Gaal aliinuka, akamfuata mwamuzi wa akiba na kujiangusha chini mzimamzima ili kumwonesha jinsi mchezaji wa wapinzani alivyojirusha. Uwanja ulimshangilia. United walishinda 3-2 siku ile, kijana Marcus Rashford akifunga mabao mawili, na kwa siku chache ilionekana kana kwamba kocha na jukwaa wamepatana.

Hata hivyo, soka la timu halikubadilika kwa sababu kocha alianguka. United walimaliza ligi katika nafasi ya 5, wakatwaa Kombe la FA tarehe 21 Mei, na siku mbili baadaye Van Gaal akafutwa kazi. Ninaposikia mashabiki wenzangu wakisema kwamba kocha wetu angefaa kuinuka hata mara moja tu ili tumwone, hukumbuka kuanguka kule, kwa sababu ndiyo mara moja yenyewe, na ilileta shangwe ya kweli ambayo haikumsaidia beki yeyote kupanga mstari wake.

Kisa cha Steve McClaren kinaumiza zaidi. Tarehe 21 Novemba 2007, Uingereza ilihitaji sare tu dhidi ya Croatia kwenye uwanja wa Wembley ili ifuzu fainali za Ulaya za mwaka 2008. Mvua ilinyesha, na kocha akasimama pembeni chini ya mwavuli huku wachezaji wake wakilowa. Walifungwa 3-2, na kesho yake kazi yake ikaisha. Bao la kwanza lilitokana na shuti la mbali ambalo kipa Scott Carson alishindwa kulidhibiti, la pili likapatikana safu ya ulinzi ilipopasuliwa mapema mno, na baada ya Uingereza kusawazisha, Mladen Petrić aliachiwa nafasi ya kupiga shuti kali kutoka nje ya eneo la hatari. Hayo ndiyo yaliyoiondoa Uingereza, lakini kinachokumbukwa ni mwavuli. Sidhani kama ni uonevu mtupu, kwa sababu watu waliona mtu aliyejikinga na mvua inayowanyeshea wao, na jukwaa likaelewa ujumbe ambao huenda yeye hakukusudia kuutuma. Bado ninashikilia kwamba mwavuli haukufunga bao, na kwamba McClaren huyohuyo aliipa FC Twente ubingwa wa Uholanzi mwaka 2010.

Kwa hiyo vitendo vya pembeni vina kazi, na kazi yenyewe ni ya jukwaa. Ferguson, baada ya kustaafu mwaka 2013, alieleza kwamba ile saa aliyokuwa akiigonga kwa kidole haikuwa ya kuhesabu dakika, bali ilikuwa ya kuwatia hofu wapinzani na mwamuzi. Simeone anapopunga mikono anaamsha watu elfu kadhaa, na watu hao ndio wanaomsukuma mchezaji aliyechoka akimbie mara moja zaidi. Timu inayoburuza mkia na inayozomewa nyumbani hucheza kwa woga. Mabeki hawataki mpira, viungo wanageukia nyuma, na kila pasi inayopotea inaongeza mzomeo. Kocha anayeweza kulituliza jukwaa au kuliamsha anaisaidia timu yake kweli, na sikubaliani na watetezi wa kocha wetu wanaosema kwamba jambo hili ni la sura tu.

Lakini lina gharama. Tangu msimu wa 2019/20 mwamuzi anaweza kumwonesha kocha kadi ya njano au nyekundu kama anavyomwonesha mchezaji, na kosa likitendwa kwenye eneo la ufundi bila mkosaji kutambuliwa, kadi humwangukia kocha mwandamizi aliyepo hapo. Hata kabla ya sheria hiyo, Simeone alifungiwa mechi 8 mwaka 2014 baada ya kutolewa katika mechi ya Kombe la Super la Hispania, alipomgusa mwamuzi wa akiba kichwani. Alan Pardew wa Newcastle alimpiga kichwa mchezaji wa Hull City, David Meyler, mwezi Machi mwaka huohuo, tena katika mechi ambayo timu yake ilishinda 4-1, na akafungiwa mechi 7. Klabu iliyo kwenye hatari ya kushuka daraja haiwezi kumudu kumweka kocha wake jukwaani kwa sababu ya hasira iliyowapendeza watu kwa dakika mbili.

Gharama nyingine haiandikwi kwenye ripoti ya mwamuzi. Mchezaji wa pembeni anayecheza upande wa benchi husikia kila neno kwa dakika 45, halafu baada ya mapumziko anakwenda upande wa mbali na kupumua. Nimewatazama mabeki vijana wa timu mbalimbali wakigeuza shingo kuelekea benchi kabla ya kupiga pasi, wakiomba ruhusa kwa macho, na nusu sekunde hiyo ndiyo anayoihitaji mshambuliaji anayewakaba. Timu isiyojiamini inapoongezewa makelele, nadhani hujiamini kidogo zaidi pale tu makelele hayo yanapokuwa na agizo ndani yake. Jina la mchezaji likitamkwa kwa ukali bila agizo lolote humwongezea mzigo.

Sasa wapo wanaotaka tuyamalize haya yote kwa kumwondoa. Inasemwa kila mahali kwamba kocha amekalia kuti kavu, na kwamba kipigo kingine kimoja kitatosha. Katika jambo hili ninamwamini mwanauchumi wa Uholanzi Bas ter Weel, ambaye alichunguza ligi kuu ya nchi yake kwa misimu ya kati ya 1986 na 2004. Hakuishia kutazama klabu zilizofukuza makocha, bali alizilinganisha na klabu zilizokuwa na mporomoko kama huohuo na ambazo hazikumfukuza mtu. Zote ziliinuka baadaye kwa namna inayokaribiana. Matokeo mabovu kupita kawaida huwa na tabia ya kurudi karibu na kawaida, na kocha mpya aliyeingia wakati huo husifiwa kwa kupanda ambako kungetokea hata bila yeye. Kwa hiyo kumfukuza kocha kwa sababu hapigi kelele, na kumleta mwingine anayepiga, kunaweza kutuonesha ushindi wa wiki tatu na kutufanya tuamini sababu ambayo si yenyewe.

Haya yote hayamaanishi kwamba namtetea. Nina malalamiko kuhusu kocha wetu, na ni mazito kuliko yale ya kuketi. Timu yetu inafungwa kutoka ubavu wa kushoto mechi baada ya mechi, kwa sababu beki wetu wa kushoto hupanda kushambulia na hakuna kiungo anayeteremka kuziba nafasi yake. Kocha anaiona, kwa maana namwona akiinama na kuandika punde tu inapotokea. Kisha nasubiri mabadiliko, na mabadiliko hayaji. Tangu klabu ziruhusiwe kubadilisha wachezaji 5, kocha ana nafasi 3 za kufanya hivyo mchezo ukiendelea na nyingine wakati wa mapumziko, lakini sisi hutoka mapumzikoni na watu walewale, kwa mpangilio uleule, na mchezaji wa kwanza wa akiba huvua fulana ya mazoezi baada ya dakika ya 70, wakati mechi imekwisha kutuponyoka. Daftari limejaa na uwanja haujabadilika. Hilo ndilo kosa ambalo mtu mwenye mayowe angeweza kulifanya vilevile, na ndiyo maana ninasikitika tunapotumia jioni nzima kubishana kuhusu mikono iliyokunjwa.

Ningependa wenzangu tuyatazame mambo ambayo hayaonekani kirahisi kwenye runinga. Timu ikifungwa, wachezaji wanamtazama nani katika ile dakika ya kurudi katikati? Nahodha anakwenda benchi au anaepuka benchi? Mchezaji akilala chini kutibiwa, nani anaitwa pembeni, na anaporudi anazungumza na nani? Baada ya mazungumzo hayo, je, mstari wa viungo unashuka, au kila mtu anabaki alipokuwa? Majibu ya maswali haya yataeleza kama kimya cha kocha ni cha mtu anayeongoza kwa sauti ya chini au cha mtu aliyeishiwa, na ninakiri wazi kwamba mechi zetu za karibuni zinanivuta kuamini la pili, ingawa wachezaji bado wanamsikiliza.

Rafiki yangu wa mfano wa jino naye ana haki ya kujibiwa, na atakayemjibu ni kocha mwenyewe, kwa maneno. Mazungumzo yake baada ya mechi yamekuwa ya kusema kwamba timu ilicheza vizuri kwa vipindi fulani na kwamba kazi inaendelea. Shabiki aliyelipa kiingilio na kuimba kwa dakika 90 anastahili zaidi ya hapo. Mechi ijayo tunacheza nyumbani dhidi ya timu yenye winga wa kulia mwenye kasi kuliko wote tuliokutana nao, kwa hiyo ubavu wetu wa kushoto utajaribiwa tena mapema. Waandishi watakaopewa nafasi ya kumuuliza swali waache suala la kuketi, wamuulize ni nani aliyepangwa kuziba nafasi ya beki wa kushoto anapopanda, na kwa nini mtu huyo amekuwa hayupo.